MX-5, Altezza, Toyota 86 au Impreza: Gari lipi la kugeuza la mbio kwa mtu wa Malindi?

Anayeishi Malindi na kutafuta gari la spoti lililotumika ili aligeuze la mbio ana mambo mawili yasiyomsumbua mwenzake wa Nairobi. La kwanza ni chumvi. Kusi ikivuma, unyevu wa bahari unafika mbali ndani ya mji, na bati lolote lililochubuka rangi huanza kuliwa. La pili ni umbali na mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari, ilhali mashindano ya lami hufanyika zaidi upande wa Nairobi na Athi River, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa na kama mita 1,500 juu ya bahari. Gari unaloliseti Malindi litakimbilia katika hewa nyingine.

Nimechukua magari manne yanayotajwa kila watu wa gereji wanapobishana: Mazda MX-5 ya vizazi viwili vya mwanzo, Toyota Altezza, Toyota 86 na Subaru Impreza WRX. Yote ni mazuri. Yanatofautiana katika kile yanachokudai baada ya kulipa.

Na nieleweke: nazungumzia mbio za uwanjani. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa ina watoto wa shule, bodaboda na mama anayevuka na ndoo kichwani. Hapo si pa kujaribia gari, hata saa nane za usiku.

Vigezo nilivyotumia

Bodi naiweka mbele ya vyote. Injini inanunulika, gia inanunulika, hata difu utaipata. Bodi iliyooza haina spea. Ukienda kukagua gari, funga sumaku ndogo kwa kitambaa uipitishe taratibu juu ya madigadi ya nyuma. Inaposhika, pana bati. Inapoteleza, pana fila (uji mgumu wa kuzibia bati), na chini ya fila mara nyingi hamna kitu. Kisha inua zulia, bonyeza sakafu kwa ncha ya bisibisi, halafu lala chini utazame mihimili iliyo chini ya milango. Muuzaji akikukataza kuinua zulia, mshukuru na uondoke.

Kigezo cha pili ni injini kwenye joto na kona ndefu. Barabarani hakuna anayekaa kwenye kona kwa mwendo mkali sekunde tano mfululizo. Uwanjani ndiyo kazi yenyewe. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, na beringi za kranki zinakosa oili kwa kitambo kidogo. Hicho kitambo kidogo kinatosha kuua injini.

Cha tatu ni petroli na mwinuko. Petroli ya daraja la juu ya Japani ina okteni (kipimo cha kustahimili kugonga) kama 100. Ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Injini iliyosetiwa kwa ile ya Japani inaweza kuanza kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, ikilishwa ya hapa. Tena injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ukifika Athi River umeacha njiani karibu asilimia 15. Yenye turbo hulipia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila turbo yenyewe inafanya kazi zaidi na kuchemka zaidi.

Cha nne ni uzito. Gari zito linakula tairi, pedi na diski, na hizo ndizo gharama zisizokwisha. Watu hupiga hesabu ya bei ya gari na kusahau kwamba pedi zinaweza kuisha ndani ya siku moja ya mbio.

Cha mwisho ni spea, fundi na namna ya kulipata gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima usukani uwe kulia. Kwa hiyo MX-5 za zamani, Altezza na Impreza za miaka ile utazitafuta humu humu nchini, kwa watu walio nazo tayari. Toyota 86 peke yake, zile za mwisho mwisho, ndiyo bado unaweza kuiagiza Japani na kuipokea bandarini Mombasa.

Mazda MX-5 (1989 hadi 2005)

Bodi. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu MX-5 huoza kutoka ndani. Paa la turubai lina mifereji midogo ya kutoa maji kwenye pembe za nyuma ya viti. Ikizibwa na majani na vumbi, maji ya mvua huingia kwenye mihimili ya chini ya milango na kukaa humo. Chukua chupa ya maji safi, funua paa nusu, mimina taratibu kwenye pembe ile, huku mwenzako amechutama mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yakitoka haraka na masafi, vyema. Yakitoka ya rangi ya chai, au yasipotoka kabisa, umeshajua. Gari la namna hii lililolala miaka mingi karibu na ufuo lina hatari mara mbili.

Injini na joto. Ni injini rahisi, 1.6 au 1.8, isiyo na turbo, na fundi yeyote mzoefu ataielewa siku hiyo hiyo. Zile 1.6 za mwanzo kabisa, hadi kama 1991, zina udhaifu kwenye ncha ya kranki panapofungwa puli. Washa injini, tazama puli ya chini inavyozunguka, ikiyumba, usinunue. Kwa upande wa joto, redieta ya zamani ndiyo ya kubadilishwa kabla ya chochote.

Petroli na mwinuko. Hapa MX-5 haina neno. Uwiano wa mgandamizo (jinsi injini inavyobana hewa na petroli; ukiwa juu, unadai petroli bora) wa ile 1.6 ni 9.4 kwa 1, hivyo petroli ya kawaida inaitosha. Nguvu ni kidogo, kama farasi 120, na Athi River zitabaki kama 100. Kwenye mstari mrefu ulionyooka utapitwa, na inabidi ulikubali hilo kabla ya kulipa.

Uzito. Hili ndilo linalowafanya watu walipende dunia nzima. Kati ya kilo 940 na 1,070 hivi, kutegemea kizazi. Pedi zinadumu, tairi zinadumu, na dereva anajifunza kupita kona kwa akili badala ya kutegemea nguvu. Rimu ni ndogo, na tairi zake hazina bei ya kutisha.

Spea na fundi. Hapa ndipo linapobana. Ni machache nchini, na kitu kama kioo cha mbele au taa kinaweza kukuweka ukisubiri wiki nyingi. Kwa sababu halina paa la bati, nguzo ya kinga nyuma ya viti ni lazima kabla ya mzunguko wa kwanza. Kaa kwenye kiti umevaa helmeti, mtu aweke mpini wa ufagio kutoka juu ya nguzo hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti ikigusa mpini, wewe ni mrefu kuliko gari: teremsha kiti, au tafuta gari lingine.

Linamfaa anayeanza, mwenye subira ya kutafuta spea, na asiyekereka kupitwa kwenye mstari ulionyooka.

Toyota Altezza (1998 hadi 2005)

Bodi. Ina milango minne na paa la bati, na kwa ujumla inavumilia. Angalia madigadi ya nyuma na sakafu ya buti.

Injini. Muuzaji akisema Altezza, muulize ipi. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, farasi 210 ikiwa na gia ya mkono. AS200 ina silinda sita na farasi 160 tu. Inasikika tamu, lakini ukishapanda bara utahisi mzigo. Kuna nyingi za otomatiki, na kugeuza otomatiki kuwa ya mkono ni pesa na muda ambao ungenunulia tairi. RS200 inatoa nguvu zake juu kabisa, karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika, kwa hiyo oili yake inachemka. Weka kipoza oili. Taimingi belti ibadilishwe siku ya kwanza, hata kama umeambiwa ni mpya.

Petroli na mwinuko. Mgandamizo wa RS200 ni wa juu, na huku chini kwenye hewa nzito utataka petroli nzuri. Bara, kwenye hewa nyepesi, injini hiyo hiyo haigongi kwa urahisi hivyo, ingawa nguvu inapungua.

Uzito ni kama kilo 1,340. Breki zahitaji pedi za mbio na oili ya breki inayostahimili joto, na si zaidi ya hapo kwa mwanzo.

Spea. Inashirikiana sehemu nyingi na Lexus IS200, na mafundi wa Toyota hawaiogopi. Kitu kimoja nakipenda sana: inaweza kukupeleka kazini Jumatatu, ikakubeba wewe, tairi nne na jeki hadi Athi River, ikashindana, ikakurudisha. Njia ya mkato ya Mavueni, Kaloleni hadi Mariakani inaipitisha bila kugusa msongamano wa Mombasa.

Linamfaa mtu wa gari moja kwa kazi zote.

Toyota 86 (kuanzia 2012)

Bodi. Kati ya haya manne, hili ndilo lenye nafasi kubwa ya kukufikia bila kutu, kwa kuwa ni jipya zaidi na unaweza kuliagiza. Gharama nayo ipo: ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila kimoja kikihesabiwa juu ya kilichotangulia. Dai ripoti ya ukaguzi ya mnada wa Japani ya gari lenyewe, na umpe anayeijua akusomee. Gari lililogongwa Japani likanyooshwa halikufai, kwa sababu uwanjani chesisi iliyopinda haitakubali kusetiwa magurudumu.

Injini na joto. Ni ya lita 2.0, farasi 200, silinda zimelala kama za Subaru, maana kampuni hizo mbili zililiunda pamoja na lile pacha lake BRZ. Yale ya 2012 na 2013 yaliitwa yarudishwe kwa ajili ya springi za vali, na kazi hiyo inahitaji kufungua injini sana. Zipo zilizokufa baada ya kufungwa vibaya. Ukinunua la miaka hiyo humu nchini, taka karatasi za kazi hiyo na muulize aliyeifanya. Unaloagiza leo ni la baadaye, halina tatizo hilo. Kipoza oili nacho ni cha lazima. Oili ya kiwandani ni 0W-20, nyepesi mno kwa joto la uwanjani. Wengi wa mbio hupanda hadi nzito zaidi.

Petroli na mwinuko. Mgandamizo ni 12.5 kwa 1. Hili ndilo gari linalodai petroli nzuri kuliko yote hapa, na mtu wa Malindi asilionee ubahili. Kuna pia ulegevu wa nguvu katikati ya mizunguko, hapo karibu 4,000, unaoweza kupunguzwa kwa kuseti kompyuta ya injini na kubadilisha bomba la moshi.

Uzito. Kilo 1,200 na kidogo, na uzito umekaa chini. Lilitoka kiwandani na tairi nyembamba za inchi 17, aina iliyokuwa ikifungwa hata kwenye Prius, ili liteleze kwa urahisi. Ukiweka tairi nzuri tu, bila kugusa kitu kingine, utadhani umebadilisha gari.

Spea. Kwenye duka la kawaida la Malindi hutapata kitu zaidi ya filta na plagi. Utaagiza, na utasubiri.

Linamfaa mwenye mfuko ulioshiba kidogo, anayetaka kuanza na bodi safi na kutumia pesa zake kwenye mbio badala ya kuchomelea mabati.

Subaru Impreza WRX na STI (hadi 2007)

Mapenzi ya Subaru nchini hayakuanza jana. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally wa 12 akiendesha Vivio, kigari kidogo mno. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000. Ndiyo maana ukifungua boneti ya Impreza popote Kenya, hukosi watu watatu wenye maoni, na mmoja wao huwa anajua kweli.

Bodi. Inaoza kwenye madigadi ya nyuma, na mahali pabaya zaidi ni pale shokabso ya nyuma inaposhika bodi kwa juu. Toa mapambo ya buti utazame kwa tochi. Kutu hapo si ya kupaka rangi; hapo ndipo uzito wote wa kona unapotua.

Injini na joto. Hapa nasihi kwa moyo wote. EJ20 yenye turbo ni injini ya ajabu ikitunzwa, na ni jeneza la pesa ikipuuzwa. Oili inahama kwenye kona, beringi zinakufa, na dalili yake ni mlio wa kugonga ndani ya injini, unaoweza kusikika ikiwashwa baridi na mara nyingi kuzidi ikipata joto. Kwa hiyo uikute baridi, uisikilize mpaka ipate joto. Ukifika na injini imeshawashwa, rudi kesho. Kisha omba filta ya oili itolewe na ichanwe. Kunjua karatasi ya ndani juani. Ikimetameta kwa chembe za shaba au fedha, beringi zinakwenda, na bei yoyote uliyotajiwa ni ghali. Ukinunua, weka sampu yenye sahani za kuzuia oili isihame kabla ya kuingia uwanjani, na usifikirie kuongeza nguvu mpaka hilo limekwisha.

Petroli na mwinuko. STI za Japani zilisetiwa farasi 280 kwa petroli ya okteni 100. Kompyuta ya injini ni lazima isetiwe upya kwa petroli ya hapa, na mtu aliye na vifaa, si kwa kukisia. Likishasetiwa, hili ndilo litakalokumbuka nguvu zake ukifika Athi River, wakati wengine watatu wanahema.

Uzito. Kuanzia kilo 1,200 hivi hadi zaidi ya 1,400, kutegemea kizazi, na mwingi uko mbele. Ukiingia kona kwa pupa, pua inakwenda nje na tairi za mbele zinaisha. Kwa kuwa magurudumu yote manne yanasukuma, tairi lazima ziwe sawa zote. Moja ikipasuka, unanunua nne. Giaboksi ya gia tano ya WRX haipendi kuondoka kwa fujo. Ile ya gia sita ya STI ni imara zaidi, na bei yake inalijua hilo.

Spea zipo, mpya na za kuchinjwa (zilizotolewa kwenye magari mengine), kuliko gari lolote kati ya haya.

Linamfaa anayetaka lami na murram kwa gari moja, na mwenye fundi wa Subaru anayemwamini kama daktari.

Kazi inayobaki, liwe lipi

Keji (fremu ya vyuma ya kumkinga dereva), kiti cha mbio, mikanda ya pointi sita, helmeti ya viwango vya FIA au Snell, mtungi wa kuzimia moto. Kabla ya kukata wala kuchomelea, chukua kanuni za KMSF, shirikisho la michezo ya magari Kenya, usome daraja unalotaka kushindana, maana keji isiyokubalika ni vyuma tu. Kila sehemu iliyochomelewa ipakwe praima siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu, weldi iliyoachwa wazi huota kutu kabla hujarudi na rangi. Ukibadilisha injini, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ijue na logbook irekebishwe. Na unapoliosha chini, usitumie maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi vya mwambao. Maji ya bomba ya Baricho, hata ndoo chache, ni bora.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kukaa uwanjani na pesa ni za kuhesabu, tafuta MX-5 iliyofaulu kipimo cha chupa ya maji. Ukikosa iliyo safi, usilazimishe. Chukua RS200 ya gia ya mkono.

Kama gari hilo hilo ndilo la kazini na la familia, Altezza itakuelewa kuliko wengine. Na kama unaweza kuagiza na kungoja, 86 itakuondolea nusu ya wasiwasi wa kutu.

Kama unapenda autokrosi ya murram pamoja na lami, Impreza. Ila weka kando fedha za sampu, za kuseti na za tairi nne kabla hujalipa. Zisipotosha, subiri mwaka mmoja.

Kama unaishi karibu na ufuo, tuseme Casuarina au Silversands, na huna banda la kufunikia, jiulize gari litalala wapi kabla hujauliza ni lipi. Ukiwa na ndugu Athi River au Nairobi atakayelitunza, basi kutu hupungua uzito katika hesabu yako, safari ya kilomita 500 utaifanya kwa basi, na Impreza, ambayo kutu iliirudisha nyuma hapa Malindi, inakuwa chaguo la mbele.